Okteni kubwa siyo nguvu

"Mashine imechoka, itie petroli ya okteni kubwa ipate nguvu." Ushauri huu unachanganya nguvu na uvumilivu. Okteni haipimi nishati ya petroli. Inapima jinsi inavyovumilia kugandamizwa bila kujilipukia kabla ya wakati. Mashine za zamani za kuchanganya oili na petroli, kama zinazosukuma mitumbwi pale Mwaloni Kirumba, hazigandamizi sana. Ukishafikia kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu chake, okteni ya ziada ni hela tu inakwenda.

Kibaya zaidi, ushauri unanyamazia hatari yenyewe, yaani okteni kushuka. Petroli ikichakachuliwa kwa mafuta ya taa, mashine inagonga, pistoni inaungua, na wewe uko katikati ya ziwa usiku na nyavu za dagaa. Mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili uchakachuaji usilipe.

Na oili je? Kwa mashine inayotaka moja kwa hamsini, dumu la lita 20 linahitaji mililita 400. Ukipunja hapo, hata okteni 95 haikuokoi. Tena nyingine kuukuu zaidi zinataka oili nyingi kuliko hiyo, kwa hiyo usiige kipimo cha jirani.