Hekima na Dhambi Wavikwapo Utu

Wasomaji wa Maandiko wameona jinsi jambo lisilo na mwili lipewavyo mikono, sauti na nyumba, likatenda kama mtu. Wenye elimu ya lugha huuita usemi huu tashihisi. Twataka kuutazama mahali pawili, maana mwalimu asipoupambanua aweza kupotosha mafundisho.

Katika Mithali, sura ya 8 na ya 9, Hekima asimama penye njia panda akiwaita wapitao. Kisha ajenga nyumba, aandika meza, naye Upumbavu aketi mlangoni pake akiwaita watu wale wale. Katika Kiebrania na Kiyunani neno hekima ni la kike, ndiyo sababu aonekana mwanamke. Kiswahili hakina alama hiyo, walakini kina nyingine. Tafsiri ya Union, iliyopigwa chapa mwaka 1952, yampatanisha Hekima na ngeli ya watu, wala si na ngeli ya jina lake. Herufi moja yatenda kazi yote, nasi twaisifu.

Tugeukie Waraka kwa Warumi, sura ya 5 hata ya 7. Hapo dhambi hutawala kama mfalme, hudanganya, huua, tena hulipa mshahara. Na neno la Kiyunani ni lile la posho ya askari. Walakini katika tafsiri hiyo hiyo dhambi imebaki katika ngeli yake: "ilitawala", si "alitawala". Je, wafasiri walikosa? Twadhani sivyo. Hekima wa Mithali ahutubu mwenyewe kwa maneno mengi; dhambi ya Paulo haisemi neno, nayo yakaa ndani ya mtu. Lakini hasara ipo: msikilizaji huwaza matendo mabaya moja moja, asimwone bwana amilikiye. Hiyo mwalimu aiondoe kwa maelezo.

Hatari ya pili ni kuisahau sanaa. Katika karne ya 4 pande zote mbili zilimtambua Hekima wa Mithali 8:22 kuwa ndiye Mwana. Na kwa kuwa tafsiri ya Kiyunani yasema aliumbwa, wafuasi wa Arius walijenga hoja kwamba Mwana ni kiumbe, fundisho lililokataliwa Nikea mwaka 325.

Basi mwalimu asiseme upesi, "Ni mfano tu." Na aulize kwanza: Ni nani asemaye hapa, na mwandishi amempa sauti kwa ajili gani?