Sikio Lililozoea: Neno Juu ya Vina na Hukumu ya Mhakiki

Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, aliyatia katika maandishi mambo ambayo masikio ya Waswahili yalikwisha kuyazoea zamani. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, wako waliokataa kabisa kuziita mashairi tungo zake zisizofuata vina na mizani. Ubishi huo umejadiliwa mno, nasi hatukusudii kuufufua. Twauliza jambo moja tu: yule aliyelalamika kwamba tungo zile hazina utamu, alikuwa akiuhukumu utungo au akieleza hali ya sikio lake?

Mwaka 1968 Robert Zajonc alionyesha kwamba watu hupendelea vitu walivyokwisha kukutana navyo mara nyingi, hata maneno wasiyoyajua maana. Mwaka 2000 Matthew McGlone na Jessica Tofighbakhsh waliona kwamba misemo yenye vina hudhaniwa kuwa ya kweli zaidi kuliko misemo ya maana ile ile iliyoondolewa vina. Haraka haraka haina baraka. Sema badala yake, "Upesi hauna heri"; maana imebaki, lakini nani atakayeshawishika?

Tutazame sasa Kotile, ng'ambo ya mashariki ya Mto Tana katika Kaunti ya Garissa, ambako mtoto aliyelelewa kwa Kisomali hukutana na shairi la Kiswahili shuleni. Sikio la Kisomali limefunzwa kanuni nyingine. Utungo mzima hufungwa kwa sauti moja ya mwanzo wa neno, na katika gabay sauti hiyo sharti isikike katika kila kipande cha mshororo. Kina cha mwisho hakidaiwi. Hata methali ni hivyo: Af daboolan waa dahab, yaani mdomo uliofunikwa ni dhahabu. Utamu wake u katika zile d mbili. Tena kanuni za mizani ya Kisomali hazikufafanuliwa hadharani mpaka Maxamed Xaashi Dhamac, maarufu kwa jina la Gaarriye, alipozichapisha gazetini mwaka 1976. Hata hivyo wasikilizaji walikuwa wakiutambua mshororo uliopinda tangu zamani. Basi sikio si la kudharauliwa. Lajua mengi, ila lajua ya kwao.

Mwanafunzi huyo akitunga beti ambazo kila kipande kina neno lianzalo kwa m, bila kina hata kimoja, mwalimu ana haki ya kumwambia kuwa amevunja sheria ya bahari aliyopewa. Hana haki ya kumwambia kwamba hilo si shairi. Tena kuna sababu ya sisi kutoisikia kazi yake. Upatanisho wa ngeli hutupa sauti za namna hiyo bure: kitabu kile kizuri kimepotea. Hizo ni ki nne, wala hakuna aliyekusudia kutunga. Nasi tumezizoea hata hatuzisikii tena, ilhali yeye huenda alizisikia siku ya kwanza.