Kushirikisha na Kushirikiana: Maneno Mawili na Uwanja wa Kamiriithu

Katika maandishi ya siku hizi juu ya majengo ya vyama vya sanaa limeenea neno "nafasi shirikishi". Latumika kwa karakana za wachoraji, kwa kumbi za maigizo, hata kwa vyumba vya mikutano ambavyo sifa yao pekee ni meza ya mviringo. Neno lenyewe si baya masikioni, lakini umbo lake lasema jambo ambalo pengine watumiaji wake hawakulikusudia. Latokana na kitenzi "shirikisha", chenye kiambishi cha kusababisha: yuko mmoja atendaye, na wapo wengine watendwao. Mwenye nyumba hushirikisha, mgeni hushirikishwa. "Shirikiana" ni kitenzi cha namna nyingine, kwani hakuna awezaye kushirikiana peke yake, wala hakuna atendwaye tu. Tena "nafasi" nayo ni kitu ambacho kwa kawaida mtu hupewa.

Tofauti hii ingekuwa ya darasani tu kama isingeonekana pia katika mbao na mianzi. Mfano ulio wazi ni uwanja wa maigizo uliojengwa mwaka 1977 katika kijiji cha Kamiriithu, Limuru, nchini Kenya. Kituo cha elimu na utamaduni cha kijiji kilikuwa na ekari 4 za ardhi na banda la udongo la vyumba vinne, ambamo watu wazima walisomeshwa kusoma na kuandika. Hapakuwa na mchoraji ramani. Vijana wa kijiji walipanga njiti za kiberiti chini, wakatengeneza mfano mdogo wa jengo, kisha wakajenga: jukwaa la nusu duara, ukuta wa mianzi nyuma yake, na viti virefu vya mbao vilivyopangwa kama ngazi, vya kutosha watu wapatao 2,000. Paa halikuwapo. Baina ya jukwaa na viti hapakuwa na mpaka wa kuzuia mtu kupita, na katika onyesho moja waigizaji walipanda mikaratusi iliyokuwa nyuma ya watazamaji, wakaimba kutoka huko juu bila kufundishwa na yeyote.

Ngũgĩ wa Thiong'o ameusimulia uwanja huo katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986, na wengi waliomfuata wamevutwa na umbo: nusu duara, uwazi, ukosefu wa paa. Hapo ndipo uhakiki wao unapopungukiwa. Nusu duara yaweza kuchorwa na mtu yeyote aliye na bikari. Lililo zito zaidi ni kwamba mazoezi ya mchezo wa Ngaahika Ndeenda, ulioandikwa na Ngũgĩ huyo pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, yalifanyika hadharani. Aliyepita njiani alisimama, akatazama, akasahihisha. Wazee waliwaeleza waandishi, wasomi wa chuo kikuu, kwamba mzee hasemi kwa namna waliyoiandika, na maandishi yakabadilishwa. Kwa mtaalamu wa lugha jambo hili lapita yote mengine: usemi wa mchezo ulikaguliwa na wenye lugha kabla ya kufika mbele ya watazamaji, na kilichowezesha ukaguzi huo ni kukosekana kwa mlango wa kufunga.

Kenya National Theatre ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1952, ilijengwa kwa fikira nyingine. Mtazamaji huingia kazi ikiwa imekwisha. Aweza kupiga makofi ama kunyamaza; kusahihisha hawezi.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba jengo ndilo liletalo ushirikiano. Onyesho la Kamiriithu lilipigwa marufuku mwezi Novemba 1977, na mwaka 1982 wanakikundi walitaka kuigiza mchezo wa pili, Maitũ Njugĩra, katika jumba hilo la Nairobi. Walikuta milango imefungwa. Mazoezi yao yalikuwa yakifanyika katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wenye kuta na paa, na humo nako watu walijaa usiku baada ya usiku kutazama mchezo ukitengenezwa. Desturi iliyozaliwa uwanjani ilihamia ukumbini pamoja na watu wake. Tarehe 12 Machi 1982 polisi waliubomoa uwanja wa Kamiriithu. Waliotoa amri hiyo huenda waliamini, kama waaminivyo wachora ramani wengi wa leo, kwamba nguvu ilikuwa katika mbao.

Kwa wenye kuandaa majengo ya vyama vya sanaa, swali la kwanza basi si umbo la ukumbi, bali ni nani anayeruhusiwa kuingia kazi ingali mbichi, na neno lake lina uzito gani akishaingia. Kiswahili hakikosi msamiati wa jambo hili. "Baraza" ni kiti cha mawe mbele ya nyumba za pwani. Ni watu wakaao hapo. Tena ni shauri wanalolifanya. Neno moja labeba vyote vitatu, na hakuna kati ya hivyo ambamo mtu hushirikishwa. Mwenye nyumba hujenga kiti, lakini mazungumzo si yake. Na kama "baraza" laonekana kuchakaa kwa kutumiwa mno na serikali, "mahali pa kushirikiana" ni refu kidogo kuliko "nafasi shirikishi", ila lamlazimisha mwandishi wa mpango kusema ni nani na nani.