Tufaa Lililopungua Vidole Viwili

Jicho lile halikupaswa kuonekana. Nalisema mapema, anayetaka kuniacha aniache hapa hapa. Picha mnaijua: Mwana wa Adamu ya René Magritte, 1964, rangi ya mafuta kwenye turubai la sentimita 116 kwa 89. Bwana mmoja kasimama mbele ya ukuta mfupi, bahari mgongoni, mawingu juu, koti zito, tai nyekundu, kofia nyeusi ya mviringo, na tufaa bichi linaelea mbele ya uso wake. Itazameni tena, ila safari hii anzeni kwenye ukingo wa juu wa tunda. Pale pana jicho linachungulia.

Mtu asiniambie mkono uliteleza. Magritte alianza maisha kiwandani akibuni ruwaza za karatasi za kubandika ukutani, na miaka ya 1930 akaendesha studio ya matangazo ya biashara pamoja na mdogo wake Paul. Aliyelelewa na kazi hiyo anajua umbo linaishia wapi kabla hajachovya brashi. Tufaa lingepanda upana wa vidole viwili tu, jicho lingezikwa, na hakuna kitu kingine kwenye turubai ambacho kingehitaji kusogezwa. Hakupandisha. Aliliacha kwa kutaka, basi na tumhukumu kwa alichotaka.

Rafiki yake Harry Torczyner, mwanasheria wa New York, alikuwa amemwomba ajichore. Jibu la Magritte lilikuwa kuvaa sare. Kofia, koti na tai ni mavazi ya karani yeyote wa Brussels aliyekuwa akisubiri tramu asubuhi, na hapo ndipo barakoa ya kweli ilipo, kwenye nguo. Tunda lina kazi moja tu: kuuondoa uso ili tuanze kushuku kwamba nguo ndizo mtu, kwamba ukizivua hutakuta kitu. Shaka hiyo ndiyo mtaji wote wa picha. Sasa lete jicho. Papo hapo shaka imekufa. Kumbe ndani yumo mtu, mzima, anapumua, tena anatutazama ajue kama tumemwona. Bwana wa kutisha amegeuka mtoto wa kombolela anayechungulia nyuma ya mlango, nasi tunatabasamu na kwenda zetu.

Wachonga lipiko wa Kimakonde wasingekubali upuuzi huu. Kinyago chao huvaliwa kichwa kizima, na mchezaji huona nje kupitia mdomo wa kinyago. Macho yaliyochongwa si macho yake, kwa hiyo umkodolee utakavyo, humkuti.

Watetezi wa jicho, na nawajua kwa sauti, watanirushia maelezo ya Magritte mwenyewe: kwamba kila tunachokiona kinaficha kingine, na kwamba tufaa limewekwa pale ili tuumie kwa hamu ya kuuona uso uliofichwa. Nakubali kila neno. Lakini hamu hailishwi. Ukimwonjesha mtazamaji kilichofichwa, hata kwa kipande kidogo, umemlipa kabla hajadai, na deni ndilo lililokuwa likimshikilia mbele ya picha. Nadharia ya Magritte na brashi ya Magritte zinagombana hapa, na safari hii brashi ndiyo yenye makosa.

Ushahidi aliuchora mwenyewe, mwaka ule ule wa 1964. Katika Vita Kuu yupo bibi wa gauni jeupe, mwavuli mkononi, na shada la maua ya zambarau limekaa mbele ya uso. Hakuna kinachochungulia. Bibi yule ni nguo nzuri zilizosimama wima, na kadiri unavyomtazama ndivyo gauni linavyozidi kuwa baridi. Katika picha ya mtu mwenye kofia ya mviringo, njiwa mweupe anapita mbele ya uso akiwa katikati ya kuruka, na hapo pia Magritte aliziba sawasawa. Alijua namna ya kufanya, na alifanya mara mbili. Ya tatu, ile aliyojichora mwenyewe, ndiyo aliyoilegeza. Sishangai. Wachoraji wengi hushindwa kujiua kwenye turubai. Wengine watauawa bila huruma, wao wenyewe lazima wabakize jicho.

Na ipi kati ya hizo tatu imekuwa maarufu? Hiyo hiyo yenye jicho. Filamu ya The Thomas Crown Affair ya 1999 ikaibeba, vikombe na fulana zikafuata, na sasa kila mwanafunzi anayetakiwa kueleza usurialisti anachora mtu mwenye tunda usoni na kupewa alama nzuri. Nimeandika mara nyingi kwamba umaarufu ni mwamuzi mbovu wa ufundi. Nitaendelea kuandika.

Magritte wa zamani asingefanya hivi. Nenda kwenye Wapenzi, 1928, alipokuwa akiishi karibu na Paris. Vichwa viwili vimefunikwa kitambaa, vinabusiana. Angalia kitambaa kinavyoshika pua, kinavyovutwa kidevuni, mikunjo inavyokutana pale midomo inapogusana. Hapo barakoa ina umbo la uso wenyewe, kwa hiyo unauona uso na huuoni kwa wakati mmoja, bila hila ya kuchungulia. Kijana wa miaka 29 alitatua kwa mikunjo ya nguo tatizo ambalo mzee wa miaka 65 alilivuruga kwa tunda.

Nikiitaja picha hiyo, nasikia tayari kuna anayevuta pumzi ili anikumbushe mama yake Magritte. Ndiyo, Régina Magritte alizama katika mto Sambre mwaka 1912, mtoto akiwa na miaka 13, na ipo hadithi kwamba alipoopolewa gauni la kulalia lilikuwa limemfunika uso. Watafiti wameitilia shaka kubwa hadithi kwamba mtoto alikuwepo akitazama, na Magritte mwenyewe hakupenda picha zake zisomwe hivyo. Hata ingekuwa kweli tupu, msiba haukunji kitambaa. Tuacheni kuyaachia matanga kazi ya kueleza mikunjo.

Kilele cha ufundi wake ni Marufuku Kunakili ya 1937. Edward James, tajiri Mwingereza aliyewafadhili wasurialisti, amesimama mbele ya kioo, na kioo kinamrudishia kisogo chake. Wengi huishia hapo. Uamuzi mkubwa uko pembeni, juu ya rafu: kitabu cha Edgar Allan Poe, ambacho kioo kinakiakisi inavyotakiwa. Bila kitabu tungesema kioo kibovu, tukamaliza. Kwa kuwa kitabu kimeakisiwa sawasawa, kosa linamwangukia James. Yeye ndiye asiye na upande wa mbele. Hayo ndiyo maamuzi ya fundi, kitu kidogo kilichowekwa pembeni kikalazimisha kikubwa kisomeke upya. Jicho la 1964 ni kitu kidogo kilichofanya kinyume chake.

Na kama ni barakoa tunazozungumzia, Ubelgiji ulikuwa na bingwa kabla Magritte hajazaliwa. James Ensor wa Ostend alikulia katika familia yenye duka lililouza makombe, mapambo na barakoa za kanivali. Katika L'Intrigue ya 1890, iliyoko Antwerp, huwezi kuonyesha kwa kidole mahali barakoa inapoishia na ngozi inapoanza, kwa kuwa rangi ni ile ile, nene ile ile, iliyokwanguliwa kwa hasira ile ile. Alipojichora mwaka 1899 katikati ya barakoa, aliuacha uso wake wazi kabisa, na ndio unaotia mashaka kuliko zote. Ensor alielewa kuwa kuna njia mbili tu, funika kabisa au funua kabisa. Hata Claude Cahun, msanii wa Ufaransa, katika picha alizopigwa akishirikiana na Marcel Moore mwaka 1927, mioyo imechorwa mashavuni na chuma cha mazoezi kiko mapajani, alifunua kila kitu na bado hatujui ni nani. Kazi yake ilisahauliwa kwa miongo. Tufaa halijasahauliwa hata siku moja.

Mengine katika Mwana wa Adamu ni safi: anga, ukuta, na ule mkono wa kushoto uliokunjwa kinyume, ambao watu hupita miaka bila kuuona.

Picha hiyo iko mikononi mwa mtu binafsi, kwa hiyo kuiona ni bahati ya maonyesho. Wapenzi ipo MoMA, New York. Mwenye nauli asimsubiri bwana wa tufaa.