Ngazi Isiyofika Darini

Mwezi wa Agosti mwaka 1975, nikiwa mwalimu kijana, nilitumwa kusimamia mtihani wa taifa wa kisomo cha watu wazima katika kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Viktoria, si mbali na mji wa Mwanza. Kabla ya mtihani kuanza, mzee mmoja alinionyesha kitabu chake cha uvuvi, akasoma ukurasa mzima bila kukwama. Nikafunika mistari kwa rula, nikabakiza neno moja tu la katikati. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, hilo linakuja baada ya hayo uliyoyaficha."

Mzee yule alikuwa amekariri. Alipata kiwango cha kwanza, wala hakuona haya. Aliniuliza tu, "Hicho cha pili kinataka nini?" Nami nikaweza kumjibu, kwa sababu jibu lilikuwapo.

Sifa kubwa ya kazi ile ilikuwa hapo. Mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa ulianza mwaka 1968 katika Kanda ya Ziwa kwa msaada wa UNESCO, makao yake yakiwa hapa Mwanza. Mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa pamba, mvuvi kwa nyavu, na wa migomba kwa migomba. Ulipofanyika mtihani wa 1975, viwango vilikuwa vinne, hadi kusoma gazeti na kuweka hesabu zako mwenyewe. Katika viwango vya juu mtu alipimwa kwa anachoweza kufanya, si kwa miaka aliyokaa darasani. Watu wazima wasiojua kusoma, waliokuwa asilimia 67 mwaka 1967, walishuka hadi asilimia 39 mwaka 1975.

Hata hivyo, vitabu vile vilikuwa na kasoro ambayo sisi wenyewe tuliihamishia shuleni. Viliagiza tu. Panda mapema, palilia, tia mbolea. Mkulima alisoma amri, lakini ni mara chache aliombwa kuandika kwa nini mwaka jana shamba lake halikuzaa. Kuandika kukawa kunakili. Ni nusu ya kisomo, maana asiyeweza kuandika neno lake mwenyewe atabaki msomaji wa maneno ya wakubwa.

Sasa tazama shule zetu za msingi. Tahajia ya Kiswahili ni nyepesi. Mtoto akizijua silabi, aweza kutamka neno lolote, hata asilolielewa. Wepesi huo ni neema, lakini pia hutudanganya walimu. Watoto wengi wa huku huja darasa la kwanza wakizungumza Kisukuma, Kikerewe au Kijita nyumbani. Mtoto atakusomea aya nzima kwa sauti nzuri. Ukimwuliza ni nani aliyepoteza wavu, atakutazama. Tofauti yake na yule mzee ni ndogo. Mzee alishika maneno bila herufi, na mtoto ameshika herufi bila maneno.

Mwaka 2010 utafiti wa Uwezo uliwapima watoto kwa hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Katika kila wanafunzi 10 wa darasa la tatu, takriban 3 tu waliweza kuisoma. Kwa wale wa darasa la saba, karibu mmoja kati ya 5 hakuweza. Serikali ilishtuka, na mwaka 2015 ukaja mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliotilia mkazo kusoma, kuandika na kuhesabu. Niliufurahia. Lakini nilijiuliza, na darasa la tatu je? Hapo masomo huongezeka, vitabu huwa vinene, na kila mwalimu hudhani kazi ya kufundisha kusoma imekwisha. Mwalimu wa sayansi husema hiyo ni kazi ya mwalimu wa Kiswahili. Wa Kiswahili husema ni ya darasa la pili. Mtoto akifika kidato cha kwanza, lugha ya kufundishia hugeuka Kiingereza, na ngazi inaondolewa kabisa.

Tumezoea kusema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini tumeigeuza methali hiyo kuwa kisingizio, kana kwamba baada ya darasa la pili samaki amekwisha kauka. Kusoma ramani ni kusoma kwingine, na kusoma hoja ya mtu na kuipinga ni kwingine tena. Kila kimoja hufundishwa kwa wakati wake.

Siwalaumu wengine tu. Nilipokuwa mwalimu mkuu, kila Januari nilipanga mwalimu wangu hodari darasa la saba, kwa ajili ya mtihani, na mgeni asiye na uzoefu darasa la kwanza, watoto wakiwa wamebanana chini ya mwembe. Insha ziliachwa kwa sababu kusahihisha daftari mia moja kunachosha. Wapo waliotoka mikononi mwangu na cheti, nami nikijua hawawezi kuandika barua. Wengine nakutana nao mwaloni, watu wazima sasa, na huniamkia kwa heshima nisiyostahili.

Ningerudishiwa shule ile leo, ningempa kila mwalimu, wa somo lolote na darasa lolote, kazi moja kila wiki: watoto wasome ukurasa mmoja wa somo lake, wafunge kitabu, kisha kila mmoja aandike kwa maneno yake sentensi tatu za alichokielewa, na moja ya asilokubaliana nalo. Na mtoto akiniuliza kama yule mzee, "Hicho cha pili kinataka nini?", asinikute sina jibu.