Topaz: Poda Iliyolikubali Jua la Bagamoyo

Jamani, poda! Nimeishika Topaz ya Ben Nye, ile ya unga, kwa mara ya kwanza, na moyo bado haujatulia. Nimeshinda nayo Bagamoyo, pwani hii ambako ukijipamba saa moja asubuhi, saa nne vipodozi vimeshateremka shingoni, na magharibi imenikuta uso ukiwa vilevile. Lazima mjue, mashosti wote kuanzia Bunju hadi Saadani.

Kwanza rangi. Kichupa kina matundu juu kama cha chumvi, na unga unaotoka ni wa dhahabu iliyoiva, njano yenye ukahawia kwa mbali. Siyo ule weupe uliotutesa miaka yote! Wengi wetu huku ni maji ya kunde, na chini ya ngozi tuna umanjano au wekundu. Ukiitandazia poda nyeupe au ya waridi, uso unageuka majivu, hasa chini ya macho, na shingo inakuumbua. Topaz niliijaribu kwenye taya, kivulini, karibu na kuta za Caravan Serai, kile kituo cha zamani cha misafara. Ikapotea. Nikageuza kioo huku na huku, naitafuta poda siioni, naona ngozi tu, laini, imetulia.

Na hivyo ndivyo poda inavyochaguliwa: kwenye taya, si nyuma ya kiganja, tena nje ya duka. Taa za dukani zinadanganya. Mwanga wa Bagamoyo, unaorudi juu kutoka mchangani na baharini, haumfichii mtu. Poda ikionekana kwenye taya siyo yako, hata muuzaji akuapie.

Sasa jasho! Unga huu ni talki iliyosagwa laini mno, na talki inanyonya mafuta. Ben Nye mwenyewe alikuwa fundi wa kuwapamba waigizaji wa sinema Hollywood kabla ya kampuni yake kuanza mwaka 1967, kwa hiyo poda zake zilizaliwa kwenye joto la taa kali. Nawafikiria vijana wa TaSUBa, chuo kinachofundisha ngoma na maigizo hapa Bagamoyo tangu 1981, wakitoka jukwaani na nyuso kavu. Inawafaa kabisa!

Namna ya kupaka ndiyo iliyonimaliza. Mimina kidogo kiganjani, fikicha pafu, kile kitambaa laini cha kupakia poda, mpaka unga uingie ndani, kisha bonyeza. Usipanguse, bonyeza: paji, pua, vile vikunjo vya pembeni ya pua, kidevu. Nikapanda bajaji hadi Kaole, nikazunguka magofuni jua la saa saba likiwaka, nikapitisha kidole puani. Kikavu! Saa saba mchana, pwani, kidole kikavu!

Mwenye ngozi kavu asiimwage uso mzima. Apake losheni kwanza, aiache inywewe na ngozi, halafu poda aiweke puani na pajini tu, mashavu ayaache yapumue. Mimi usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimepaka liwa, ya kusaga jiweni kwa marashi ya mawaridi kama walivyofanya bibi zetu, na naamini kabisa ngozi iliyolala na liwa huipokea poda kwa raha zaidi. Na aliye mweusi tii? Topaz itamfaa chini ya macho, kutoa mwanga. Uso mzima atafute ya kahawia iliyokolea, asikubali kubanduliwa rangi yake.

Picha nazo! Poda za silika tupu zisizo na rangi hupendeza kwa macho, lakini flashi ikipiga, weupe unaruka usoni, na bibi harusi hujiona hivyo kwenye albamu maisha yake yote. Nimepigwa flashi usiku na Topaz yangu: uso na shingo rangi moja.

Ukienda kununua, fungua na ufikiche unga kati ya vidole viwili. Ukisikia chembechembe, rudisha, maana feki zipo. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, na zebaki na haidrokwinoni ni marufuku, kwa hiyo chochote kinachokuahidi kukung'arisha kiache pale pale mezani. Wewe omba Topaz, omba na pafu nene, na utoke nayo juani kabla hujalipa.