Dhahabu Juu ya Shaba: Namna ya Kuipima Ala Kongwe

Ala kongwe iliyochovywa dhahabu huanza kupimwa pale mkono unaposhika. Muuzaji atakuelekezea kengele, ule mdomo mpana wa mbele, kwa kuwa hapo ndipo panapong'aa na mikono haifiki sana. Wewe igeuze tarumbeta, utazame valvu pale kiganja cha kushoto kinapozikumbatia. Jasho la miaka mingi limepita hapo, na jasho halijui kuficha.

Kwenye ala za Marekani za miaka ya 1920, kama zile za kampuni ya Conn kutoka Elkhart, shaba ya manjano ilichovywa fedha kwanza, ndipo dhahabu ikafuata, tabaka jembamba ambalo mara nyingi halifiki maikroni moja. Kwa hiyo uchakavu wa kweli huja kwa hatua: dhahabu inafifia, weupe wa fedha unajitokeza, na kama mwenyewe alikuwa mpigaji wa kila siku, shaba inaonekana katikati. Pitisha ukucha polepole, hautakwama popote. Vanishi yenye rangi ya dhahabu haichakai hivyo. Hubanduka kama rangi ya kucha, ikaacha ukingo unaoshika kidole na shaba iliyogeuka kahawia chini yake. Ukiona dhahabu imepakana na shaba bila fedha yoyote kati yao, usitoe pesa kabla hujauliza maswali.

Kisha soma kilichochongwa: jina la mtengenezaji kwenye kengele, namba kwenye valvu ya kati. Kingo za herufi ziwe kali. Zikiwa zimelala, ujue ala ilisuguliwa kwa mashine ili ichovywe upya, na shaba yenyewe imepungua, hasa kwenye makunjo ya mabomba. Mimi dhahabu mpya juu ya herufi zilizofifia naihesabu hasara. Nitachukua ile chakavu yenye herufi kali, hata kama kengele yake haimvutii mtu.

Huku Muhoroni na Kisumu, ala za namna hii utazikuta zaidi kwenye bendi za makanisa. Jeshi la Wokovu lilianza kazi Kenya mwaka 1921, na lilikuwa na kiwanda chake cha ala huko St Albans, Uingereza, mpaka 1972. Korneti za Kiingereza za enzi hizo kwa kawaida zilichovywa fedha. Ukiletewa moja iliyochovywa dhahabu, tia shaka kwanza, furaha baadaye.

Doa la kuogopa ni lile la rangi ya waridi iliyokolea, dogo kama punje ya mtama, kwenye bomba linalopokea pumzi kutoka mdomoni. Mate na unyevu vimeiondoa zinki kwenye shaba, na bomba linaoza kuanzia ndani. Hakuna kuchovya kutakakoliponya, bomba hubadilishwa. Weusi mwepesi juu ya dhahabu si ugonjwa huo. Dhahabu haishiki kutu, lakini fedha iliyo chini yake huweza kugeuka nyeusi na kuchungulia kupitia vitundu vidogo.

Katika utunzaji, jizuie kuliko kujibidiisha. Huku kwetu, wakati wa kuchoma miwa mashambani, masizi hutua juu ya kila kitu, na vumbi la barabara ya murram ni mchanga mtupu. Ukifuta kwa kitambaa kikavu unausugua mchanga huo juu ya dhahabu. Puliza vumbi kwanza, kisha tumia maji ya uvuguvugu na matone machache ya sabuni ya vyombo, kitambaa laini cha pamba, suuza, kausha kwa kugandamiza. Baada ya ibada au mazoezi futa jasho hapo hapo, na umwage maji yote kabla ya kufunga kasha. Valvu zipewe mafuta yake, si ya kupikia, ambayo hugeuka gundi. Ukifunga ngozi ya kulinda pale kiganja kinaposhika, ifungue mara kwa mara, maana ngozi hunywa jasho na kulihifadhi papo hapo unapopakinga.

Dawa ya kung'arishia ya Brasso isiguse dhahabu. Hung'arisha kwa kula, na tabaka lisilofika maikroni moja halina cha kuliwa. Kila bendi ina mzee anayesugua shaba kila Jumamosi bila kuombwa. Mpeni tuba ya shaba tupu, atashughulika nayo mpaka giza liingie.